Jibu Lililopigiwa Makofi

Mafunzo yoyote yalipofika kwenye zoezi la kuigiza, pale hospitalini hapakuwa na mabishano juu ya nani awe mgonjwa. Macho yote yalimgeukia muuguzi mmoja wa makamo, mwenye kitambi kidogo na sauti nzito, ambaye hospitali nzima ilimwita Staa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya afya ya akili, na alijua kuigiza huzuni kiasi kwamba siku moja mkufunzi mgeni alisimamisha zoezi akamkimbilia na glasi ya maji. Staa aliyanywa yote, akajipangusa mdomo, akauliza, "Na soda je?"

Kwa hiyo mchana ule, mkufunzi alipotangaza kwamba sasa watajifunza kuzungumza na mtu anayewaza kujiua, ukumbi ulilipuka.

"Staa! Staa apande!"

"Nimestaafu," alijibu Staa kutoka viti vya nyuma.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kunichosha."

Watu wakacheka. Akasimama hata hivyo, akapita katikati ya viti akiburuta miguu kidogo, akaketi mbele.

Aliyepangwa kumhoji alikuwa mshauri nasaha aliyehitimu chuo juzijuzi tu. Wodini walimwita Chiriku. Hakuwa mmbea, ugonjwa wake ulikuwa kuogopa ukimya. Mgonjwa akinyamaza kidogo, yeye aliliziba lile pengo kwa maneno mbio mbio, kama mtu aliyeona bomba linavuja. Matroni alikuwa amemwonya juu ya jambo hilo, na siku ile Matroni mwenyewe alikaa mstari wa kwanza, mikono kifuani, akitazama. Chiriku alijua anapimwa. Tangu asubuhi kichwa chake kilikuwa kimejaa mambo ya kukumbuka: mwangalie usoni, usikimbilie kumpa moyo, uliza waziwazi, nyamaza, nyamaza, nyamaza.

Staa alipewa kadi yenye maelezo ya mtu wa kuigiza. Alikuwa fundi ujenzi aliyeanguka kazini, mkono wake ukapoteza nguvu, na kazi zikamkimbia. Aliisoma, akairudisha mezani, akainamisha kichwa.

Walianza. Fundi alieleza habari za mkono wake. Chiriku alisikiliza, akarudia kidogo aliyoyasikia, kama alivyofundishwa. Kisha akauliza lile swali alilolifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Watu wengine wakipitia mambo kama haya huanza kufikiria kujiua. Je, wewe unafikiria kujiua?"

Staa alinyamaza. Chiriku aliukaza ulimi nyuma ya meno.

"Ndiyo," alisema Staa.

"Mara nyingi?"

"Kila nikivua viatu." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, bila kilio, bila kutetemeka. "Nafika nyumbani, navua viatu, na sauti zinaanza. Mchana kutwa watu wananisimulia yao. Wakishamaliza wanakwenda kulala. Mimi nabaki nayo."

Chiriku aliuliza kama ameshawaza njia. Staa akasema ameshawaza, akaitaja. Chiriku aliuliza kama ameshapanga lini. "Wiki hii ikiisha," alijibu Staa, kama mtu anayesema lini atanyoa nywele.

Mkufunzi aliinua mkono kusimamisha zoezi, na ukumbi ukapiga makofi. Watu wakaanza kutoa maoni. Mmoja alisifu sauti ya Chiriku kwa utulivu wake. Mwingine alisema amependa alivyokaa, miguu ikiwa imetulia. Matroni alitikisa kichwa kwa kuridhika, na Matroni hakuwa mtu wa kutikisa kichwa ovyo. Uso wa Chiriku uliwaka kwa furaha.

Kilikuwa kimebaki kitu kimoja. Mkufunzi yule alikuwa na utaratibu aliouita kuvua vazi. Aliyeigiza mgonjwa alitakiwa kusimama, kukung'uta mikono, kukigeuza kiti chake nyuma mbele, na kusema kwa sauti yeye ni nani na akitoka pale atafanya nini, ili asiondoke na uchungu wa mtu mwingine mabegani. Staa ndiye aliyeufanya utaratibu huo upendwe. Kila mara alikuja na kichekesho kipya: "Mimi ni mume wa mwanamke mkali, na nikitoka hapa nakwenda kuomba msamaha kwa kosa nisilolijua."

Safari hii alikitazama kiti tu.

"Nina kazi wodini," alisema, akatoka.

"Jamani, Staa kaondoka na vazi la watu!" mtu alipiga kelele.

"Mwacheni, fundi anawahi saiti!"

Vicheko vikaambatana na sauti ya vikombe. Ilikuwa saa ya chai.

Chiriku alisimama karibu na birika akipokea pongezi. Mshauri mwenzake, kijana mwenye miwani aliyependa kukosoa kila kitu, alimkaribia huku akitafuna biskuti.

"Umeua, dada. Ila Staa leo kachemka kidogo."

"Kachemka wapi? Si ameigiza vizuri?"

"Fundi ujenzi gani anasimuliwa matatizo ya watu mchana kutwa? Fundi anasikiliza nyundo!" Akacheka, akaenda kuongeza sukari.

Chiriku alikuwa ameinua kikombe. Kikabaki hewani.

Mchana kutwa watu wananisimulia yao. Hilo halikuwamo kwenye kadi. Fundi kwenye kadi alilia kwa sababu ya mkono, na baada ya lile swali Staa hakuutaja mkono tena. Chiriku alikuwa pale, magoti yao yakikaribia kugusana, na hakusikia. Alikuwa anasikiliza sauti yake mwenyewe.

Alikirudisha kikombe mezani. Alijaribu kujiambia kwamba Staa ni mwigizaji, anatia chumvi ili mambo yanoge. Akimfuata mtu mzima kama yule na kumuuliza swali kama lile, na ikawa hakuna kitu, watamcheka hadi mwaka uishe. Mbaya zaidi, Staa mwenyewe ataona amevunjiwa heshima. Alimtazama mkufunzi, aliyezungukwa na watu. Alimtazama Matroni, aliyekuwa akimsema mtu kwa kumwaga chai. Kisha akatoka, kwanza kwa mwendo wa kawaida, na alipofika korido akaanza kukimbia.

"Yuko stoo ya mashuka," alisema mfanya usafi wa wodi, akionyesha kwa ufagio.

Stoo ile ilikuwa chumba chembamba chenye rafu hadi darini na dirisha dogo la wavu. Kilinuka sabuni na joto la pasi. Staa alikuwa amesimama mbele ya meza ndefu akikunja mashuka. Koti lake na begi la begani vilikuwa vimewekwa tayari kwenye kona ya meza.

"Shikamoo tena, kaka," alisema Chiriku, ingawa walishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Umekuja kuchukua shuka au umekuja nikusifie?"

"Nimekuja kukusaidia kukunja."

"Haya, shika huko."

Alishika pembe. Wakalivuta shuka likanyooka, wakakaribiana, wakaachana.

"Leo umeigiza vizuri mno, kaka."

"Kawaida yangu."

"Yaani mpaka nikaogopa. Lakini wewe… wewe huna mawazo kama yale, sivyo? Uko sawa, eti?"

Alipoyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwake, alitamani kuyadaka. Asubuhi ile ile walikuwa wamefundishwa: swali linaloomba hapana litapewa hapana.

Staa alitabasamu bila furaha. "Mdogo wangu, umebisha hodi huku umeushikilia mlango usifunguliwe."

"Najua."

"Kule ukumbini uliuliza vizuri. Hapa umeuliza kama mtoto anayemuuliza mama yake kama kwa daktari kuna sindano."

"Basi naomba niulize upya."

"Usiulize. Zoezi limekwisha, umefaulu. Nenda kanywe chai."

Chiriku aliiachia pembe ya shuka. Hakujua aiweke wapi mikono yake, akaibana pamoja.

"Unafikiria kujiua, kaka? Simuulizi fundi. Nakuuliza wewe."

Nje kwenye korido kigari cha dawa kilipita, gurudumu moja likilia, kikaenda hadi sauti ikapotea. Maneno yalimjaa Chiriku mdomoni: habari za Mungu, habari za watoto, habari za kesho. Aliuma shavu kwa ndani ili yasitoke. Staa alilikusanya shuka peke yake, akalikunja vibaya, pembe hazikukutana, yeye aliyezoea kuwafumulisha wanafunzi kitanda kizima kwa sababu ya mkunjo mmoja.

"Nilishakujibu," alisema hatimaye. "Mbele ya watu wote. Mkanipigia makofi."

"Nisamehe."

"Kwa lipi? Hamkujua. Hata mimi sikujua kama nitasema. Nilianza kuwa fundi vizuri tu. Halafu ukauliza." Alilitazama lile shuka. "Miaka yote mimi ndiye ninayeuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi."

"Nimekuuliza sasa."

"Ndiyo, umeniuliza. Na sasa itafuata nini?" Sauti yake iliingia ukali. "Nikusomee? Utauliza kama nina mpango. Nilishasema ninao. Utauliza kama ninacho cha kutumia. Kipo, kiko nyumbani. Kisha utauliza ni nini kimenizuia mpaka leo, nami nitamtaja mke na watoto, wewe utashusha pumzi. Halafu nitakuahidi. Wenzako wote hapa mimi ndiye niliyewafundisha, bibie. Njia hii naijua hata gizani."

Ilikuwa kweli. Kila alichojifunza Chiriku, yule mtu alikuwa amekifikia kabla yake na kukizungushia uzio.

Kisha, ghafla, uso wa Staa ulilegea. Alishusha mabega, akacheka kidogo kwa upole. "Sikiliza, mdogo wangu. Nilikuwa nimechoka tu. Na kweli, kusema kumenipunguzia. Leo nitampigia simu shemeji yako, nitalala mapema, Jumatatu nitamwona daktari. Niko salama. Usijali."

Chiriku alitaka kuamini kama mwenye kiu anavyotaka maji. Kila neno lilikuwa mahali pake. Angeweza kusema asante, akarudi ukumbini, mambo yakaisha.

Staa alivaa koti. Akaliweka begi begani.

Zamu yake ilikuwa bado haijaisha.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Chiriku.

"Nyumbani kupumzika. Nimeshamwambia mwenzangu anishikie."

"Nyumbani kuliko na kile kitu."

Chiriku alisogea akasimama mlangoni. Mwili wake wote ulikuwa kama mpini wa ufagio.

"Utanizuia wewe?" alisema Staa. "Wewe ukipiga chafya unashika ukuta."

"Siwezi kukuzuia. Nitafuatana na wewe. Ukipanda gari, napanda. Ukiingia ndani, naingia. Na nitaongea njia nzima, kaka. Unanijua."

Kitu kama kicheko kilimpita Staa usoni kikakatika.

"Sijui cha kukwambia," aliendelea Chiriku. "Kila ninachokijua unakijua. Lakini hayo uliyonijibu ni majibu ya kuandikiwa faili. Wewe mwenyewe ulituambia tusiyapokee kwa mtu aliyekwisha beba begi. Sina jingine. Siondoki tu."

Kwa muda Chiriku aliogopa kweli kwamba atasukumwa. Kisha Staa akalishusha begi, polepole, akaketi juu ya robota la mashuka safi kama mzigo uliokatwa kamba. Chiriku naye akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Watu wanapenda kiwepo kitu kimoja cha kulaumu," alisema Staa. "Kingekuwa kimoja ningekishughulikia."

Akaeleza kwa vipande vipande. Kulikuwa na mgonjwa wa siku nyingi aliyekuwa akicheza naye karata kila jioni, akafariki kwa homa, na kitanda kikapata mtu mwingine kabla godoro halijapoa. Kulikuwa na nyumba iliyonyamaza tangu mkewe aende mbali kumwangalia binti yao aliyejifungua. "Nikipiga simu nasikia kichanga kinalia kwa nyuma. Wana kazi zao. Nasema niko poa, nakata." Kulikuwa na usingizi uliomkimbia. "Na hapa kazini nikinyamaza, mtu ananipiga bega: Staa, leo vipi, mbona hutuchekeshi? Basi nawachekesha."

Mimi pia, aliwaza Chiriku. Wiki iliyopita tu alimwambia maneno yale yale. Hakujitetea, hata moyoni.

"Na leo asubuhi," aliuliza, "kitu gani kilikutoa kitandani ukaja kazini?"

Staa alikunja uso. Swali halikuwa kwenye mpangilio alioujua. "Yule bibi wa kitanda cha dirishani," alisema baada ya muda. "Hali chakula mpaka nimtanie."

"Leo amekula?"

"Amekula. Kanitukana kwanza, ndiyo akala."

"Kwa hiyo uliamka na yale mawazo, na bado ukaja kumlisha bibi."

"Ndiyo." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Vyote viwili vilikuja na mimi kwenye basi moja."

Chiriku alikiacha kile alichosema Staa kikae pale walipokuwa, kati ya rafu na rafu, na kwa mara ya kwanza ukimya haukumtisha. Wakati ule aliona una kazi ya kufanya.

"Basi iishe hapa," alisema Staa. "Mimi na wewe. Umenisikiliza, nashukuru. Lakini isitoke nje ya chumba hiki."

"Siwezi kukuahidi hilo."

"Unajua watafanya nini? Watanilaza pale pale wodini. Kwenye kitanda ninachokitandika mimi! Yule bibi atanitazama. Wanafunzi wangu watanipima presha. Halafu watu wataambiana kwenye foleni ya chai, mnamjua Staa, kumbe naye."

"Sitaki iwe hivyo."

"Basi nyamaza!"

Wakati ule ule sauti ya Matroni ilisikika koridoni, pamoja na mlio wa funguo zake. "Chiriku! Huyu mtoto kaenda wapi? Mkufunzi anamngoja!"

Staa aliinamia mbele. Sauti yake ilishuka hadi ikawa pumzi. "Nakuomba. Nakuomba kama kaka yako."

Chiriku hakuwahi kuombwa hivyo na mtu mzima, na tangu utotoni alilelewa kutomkatalia mkubwa anayeomba. Hatua za Matroni zilikuwa zinakaribia. Zingepita, zingekwenda zake.

"Nitamwita," alisema. "Nakwambia wewe kwanza ili isiwe kwa siri. Hatasikia lolote kutoka kwangu ambalo wewe hulisikii. Lakini nitamwita, kaka. Peke yangu sikutoshi."

"Umeniuza," alisema Staa.

Neno lile lilimwingia na kukaa. Chiriku aliinuka nalo, akafungua mlango upana wa uso wake. "Matroni, tuko huku. Njoo peke yako, tafadhali."

Matroni aliingia akijaza chumba. "Mmegeuza stoo kijiwe? Watu wanawasubiri…"

"Matroni, kaka anafikiria kujiua. Aliyoyasema ukumbini ni yake, si ya fundi."

"Acha utani wako." Kisha akamwona Staa alivyokaa. Mkono ukaenda kifuani. "Staa? Wewe? Wewe unayetuchekesha sote? Una mke, una mjukuu hata kutambaa hajaanza, utawafanyia hivyo kweli? Hebu tuambie, una akili…"

"Matroni, hapana!"

Hakuna mtu aliyewahi kumkatiza Matroni katika hospitali ile, hata madaktari. Chiriku mwenyewe alishtuka, lakini hakurudi nyuma.

"Samahani sana. Usimsute. Kaa hapa na sisi, tafadhali."

Matroni alimtazama msichana, akamtazama muuguzi aliyefanya naye kazi tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Kisha akavuta robota jingine, akajishusha juu yake kwa kuguna.

"Nimekosea," alisema. "Nianzie wapi?"

"Anza kwa kunyamaza, Matroni," alisema Staa. Macho yake yalikuwa sakafuni, lakini ilikuwa sauti yake, ile ya siku zote.

"Haya."

Na Matroni akanyamaza, jambo ambalo wodi isingeliamini. Walikaa watatu katika joto lile. Baadaye akanyoosha mkono wake mnene akaushika wa Staa, naye hakuuvuta.

Mengine yalikwenda kwa kusukumana. Staa alikataa hiki, akakataa kile. Hakutaka kulazwa pale. Matroni akasema hatalazwa pale, kuna daktari hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, mtu asiyemjua hata kwa sura, na atampigia simu mwenyewe na Staa ataonwa leo, si Jumatatu. Hakutaka mkewe ashtuliwe akiwa mbali. Wakakubaliana kwamba yeye mwenyewe atazungumza naye jioni, mtu akiwa amekaa kando yake. Chiriku aliuliza nani atakaa naye leo, asiachwe peke yake hata kidogo.

"Simtaki mtu."

Wakasubiri.

"Dada yangu mkubwa," alisema Staa. "Ila atalia."

"Na alie," alisema Matroni.

Kilichobaki ndicho kilikuwa kigumu. Kile kitu kilikuwa bado nyumbani. Chiriku alisema kiondolewe kabla Staa hajarudi, na mume wa dada ndiye aende akakitoe. Staa aliushika ufunguo wa nyumba mfukoni kwa muda mrefu. Kisha akautoa, akautupa juu ya mashuka.

"Chukueni," alisema kwa hasira. "Mmefurahi?"

"Hapana," alisema Chiriku. "Naogopa tangu nilipoingia humu."

Staa alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aseme ameuzwa.

Dada alifika jua likiwa bado kali, fundi cherehani aliyetoka kazini mbio mbio, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Alilia, kama ilivyosemwa, akamkumbatia mdogo wake, akamsema kwa kukonda, akalia tena. Mume wake alichukua ufunguo bila maswali mengi akaondoka. Matroni aliingia kiti cha nyuma cha gari la dada, begi mapajani. Alikuwa ameacha maagizo ukumbini kwamba mafunzo yaendelee bila wao na hakueleza sababu.

Kabla ya kuzunguka kwenda upande wa dereva, dada alimvuta Chiriku pembeni, nyuma ya gari.

"Mwanangu, mimi si mtu wa hospitali. Nitamwambia nini njiani? Na kesho? Na Matroni akishaondoka?"

"Huhitaji kumwambia mengi, mama. Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Kama anafikiria kujiua. Muulize hivyo hivyo."

Mwanamke aliziba mdomo. "Nikilitaja si ndiyo nitamtia wazo?"

"Wazo analo tayari. Analibeba peke yake. Ukilitaja, anajua anaweza kukwambia."

Dada alifuta macho, akaingia garini. Mlango wa upande wa Staa ulikuwa bado wazi, na Chiriku alikuwa ameushika ili aufunge. Dada aliweka mikono kwenye usukani, akatazama mbele.

"Hivi wewe," alianza. "Bado unafikiria… yale mambo?"

"Mambo gani, dada? Ya kupaka rangi nyumba?"

"Usinichezee!" Alimchapa begani kwa ncha ya futi, machozi yakaanza upya. Akapumua. "Unafikiria kujiua, mdogo wangu?"

Hakuna aliyemsaidia dada, na dada hakurudisha swali lake.

"Asubuhi, sana," alisema Staa. "Sasa hivi, ndiyo. Lakini si kama asubuhi."

Dada aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anayemeza kitu kikubwa. "Yakizidi utaniambia?"

Staa aligeuza uso, akamtazama Chiriku aliyesimama pale nje. Hakutabasamu. Ule uchungu wa kuuzwa ulikuwa bado machoni pake, na Chiriku aliupokea bila kutazama chini.

"Nitakwambia," alimjibu dada yake.

"Hata kama nimeinamia cherehani?"

"Hata kama umeinamia cherehani."

Dada alifunga mkanda wake. Kisha akajinyoosha akavuta na ule wa mdogo wake, akaupitisha juu ya kitambi chake na kuubana, kama anavyofungwa mtoto, na Staa akainua mkono kumpisha.

Chiriku akafunga mlango.